Mkanda Alioagiza Mwalimu

Siku hizi Makambako vibanda vya video vimejaa kila kona, na binti yangu Upendo, wa darasa la tatu, anavijua vyote. Nimemtoa humo kwa kumvuta sikio mpaka nimechoka. Sasa juzi jioni ananiambia, "Mama, mwalimu kasema kesho kila mtu aje na mkanda."

Damu ilinichemka. Shuleni nako video! Asubuhi nilimfuata mwalimu wake uwanjani, nikamvaa bila hata salamu ya kamwene.

"Mwalimu, ni kweli umeagiza mikanda?"

"Kweli, mama. Hata ya zamani inafaa, ilimradi iwe mirefu."

"Mirefu! Watoto wamekaa kwenye video mpaka kukimbia hawawezi, na wewe unawaongezea?"

"Ndiyo maana nimeagiza, mama. Nataka wakimbie."

"Wakimbie na mkanda wa video?"

Mwalimu aliangua kicheko mpaka akainama. Nyuma yake watoto walikuwa wamejipanga, kila mmoja amechomeka mkanda wa suruali wa baba yake kiunoni, unaning'inia kama mkia, tayari kufukuzana na kunyang'anyana. Upendo peke yake hakuwa na mkia. Alikuwa analia.

"Mama, nipe basi wako!"

Kwa aibu niliyokuwa nayo, niliufungua upesi nikampa. Kwamba sketi yangu ya mtumba ilikuwa pana mno, na kilichoishikilia ni mkanda ule tu, nilikumbuka ikiwa imeshafika magotini.