Mama wa Mkurugenzi

Mtangazaji wa habari za biashara alikuwa na msikilizaji mmoja asiyekosa hata siku: mama yake mzazi. Bibi yule hakujua hisa ni mdudu gani. Alijua tu kwamba mwanawe wa kwanza ni mkubwa katika benki, na kwamba kila jioni binti yake husoma redioni bei ya hisa za benki hiyo. Zikipanda, alikula akashiba. Zikishuka, alisukuma sahani, akasema, "Mwanangu leo kaamka vibaya." Binti alishachoka kumweleza kuwa bei ya hisa si homa ya mtu.

Mwana mwenyewe alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka mingi. Pesa alituma, mguu hakuleta. "Kazi zimembana," mama alimtetea, huku akisugua vidole vilivyochubuliwa na sabuni. Alikuwa amefua nguo za watu mpaka kijana akamaliza shule.

Siku benki ilipomtangaza kuwa mkurugenzi mkuu, hisa ziliruka. Mtangazaji akapewa wasifu wa kaka yake ausome kwenye taarifa ya jioni. Aliupitia akitabasamu, mpaka alipofika hapa: "Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo, akajisomesha kwa jasho lake."

Akatoka hadi kwenye korido, akapiga simu.

"Kaka, hapa wamekosea. Baba sawa, lakini mama?"

"Hawajakosea," kaka akajibu polepole. "Niliandika hivyo nilipoomba ufadhili wa chuo. Ulikuwa wa mayatima. Uongo ule ukaniganda. Nikiubandua leo, hisa zitaanguka, na mimi nitaanguka nazo."

"Mama anasikiliza redio, kaka."

"Mpigie, mwambie azime," kaka akasema, akakata simu.

Hakumpigia. Angemwambia azime kwa sababu gani, siku kama ile? Studioni aliiruka ile sentensi, akashusha pumzi. Lakini mwenzake wa kipindi, mcheshi asiyejua lolote, alikuwa na nakala yake. Akadakia, "Na msisahau, wasikilizaji, huyu ni yatima! Hana baba, hana mama, kapanda kwa kucha zake!"

Nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani, redio mapajani, bado inaimba.

"Wamesema nilikufa kwa maradhi gani?"

"Hawakusema, mama."

"Afadhali." Akaizima. "Labda aliogopa wenzake watamcheka. Mama dobi, nani anamtaka?"

Binti alitamani mama atukane, alaani, avunje kitu. Wapi! Bibi aliendelea kumtafutia mwanawe udhuru, kama mtu anayepapasa sindano gizani.

Jumamosi likaja gari jeusi. Dereva akasalimu kwa adabu, akasema bosi anaomba mama aletwe kwake, wapitie geti la nyuma.

"Mwambie nimeshukuru, baba," bibi akasema. "Lakini marehemu hapandi gari. Marehemu hubebwa."

Dereva akainamisha kichwa. Binti alianza kucheka, akaacha.

Gari lilipoondoka, bibi aliingia ndani, akalala, akaugeukia ukuta. Mabega yake madogo yakaanza kutikisika. Binti akapanda kitandani nyuma yake, akamkumbatia. Mtu aliyekula mshahara kwa kusema hakupata hata neno moja.