Mbwa Mbele, Watu Nyuma

Dada yangu wa Kasongo alinionyesha siku moja kwenye simu yake wazungu wakitembea na mbwa. Kikundi kizima, wake kwa waume, kila mmoja na kamba mkononi, wanapita njia ya baiskeli iliyolainishwa kama meza, kati ya bustani na nyumba zenye maua. Mbwa akinya, mwenyewe anainama na kuokota kwa mfuko wa plastiki. Tulicheka mpaka dada akapaliwa na chai. Kisha nikanyamaza, maana mimi pia nimetembea kikundi na mbwa, na njiani sikucheka hata siku moja.

Mimi ni mtoto wa mji wa Kasongo. Nimekulia karibu na msikiti, na kwetu mbwa alirushiwa jiwe kabla hajakukaribia. Mate yake ni najisi, basi. Halafu nikaolewa kijiji cha upande wa Wamaza, kwa watu wa kanisa na wa uwindaji, ambao mbwa wao analala jikoni kama shemeji. Mbwa wa kule hawabweki. Ni wadogo, wekundu, mkia umejikunja, wanakutazama kimya kama watu wanaojua habari zako. Kwa hiyo mwindaji anamchongea mbwa wake kengele ya mti na kuifunga shingoni, ajue yuko wapi ndani ya pori. Kila mwanaume anachonga ya kwake, na hakuna mbili zinazolia sawa. Mume wangu aliichonga ya mbwa wetu akiwa ameketi mlangoni, anaigonga, anaisikiliza, anaikwangua tena, mpaka nikamwambia aje anisaidie kutwanga badala ya kucheza.

Njia ilipoanza kutisha, wanawake tuliamua kwenda shambani kwa kikundi, mbwa mbele. Ni njia ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli: wanapita wale wanaosukuma mafuta ya mawese kwenda machimbo ya Salamabila, na ni nyembamba, majani marefu huku na huku. Watu wenye silaha nao wanaikata wanapotaka. Mbwa akinusa watu mbele anasimama, mguu mmoja juu, na wewe unaingia majanini bila kuuliza. Njiani kengele inajazwa majani makavu ya mgomba ili isilie. Mkifika shambani mnayatoa, mbwa wanazunguka, nanyi mnalima. Kengele zikilia huku na huku, unaendelea. Zikinyamaza pamoja, unaacha jembe. Nililima hivyo kwa miezi, akili yangu yote iko masikioni, mpaka kuna siku nilijikuta nimeng'oa muhogo na kuacha magugu.

Mbwa wetu ndiye aliyenusa kuliko wote, na hakukubali kutembea bila mtu wa nyumba yake. Mama mkwe wangu alikuwa na magoti mabovu, hakuweza kutangulia. Basi mimi, mwoga wa mbwa, nikawa mtu wa mbele.

Mume wangu hakuwepo. Alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu mtoto wetu akiwa bado tumboni. Alipiga simu, akapiga tena, kisha simu ikawa haipatikani. Watu wa pikipiki wakaleta maneno: kuna wachimbaji waliochukuliwa porini na wenye silaha. Wengine walisema wamechukuliwa kubeba mizigo. Wengine wakasema hapana, wamepewa bunduki. Mimi niliomba awe hai, sikuthubutu kuongeza kitu. Kijijini kulikuwa na familia ambayo mtoto wao alionekana akitembea na hao wenye silaha. Hawakupigwa. Watu wa kijiji waliwaambia tu wahame, na mlango wao ukageuzwa kuni kabla hawajafika barabarani. Mama mkwe aliyaona hayo kwa macho yake, na tangu hapo hakumtaja mwanawe mbele ya watu.

Siku ninayoisema mvua ilikuwa inatishia, tukaamua kurudi mchana. Jirani yetu, mama wa mapacha, mwanamke asiyejua kukaa na njaa, alikuwa ameyawashia moto majani yetu makavu ili achome mahindi. Ikabidi tujaze kengele majani mabichi ya muhogo. Mama mkwe alinung'unika kwamba jani bichi linateleza.

"Mama, wewe unaogopa hata majani," mama wa mapacha akamtania.

"Kwa mwoga huenda kicheko," mama mkwe akamjibu, akashindilia mengine kwa kidole.

Tulipofika pale njia inaposhuka kijitoni, mbwa wetu akasimama, mguu juu. Tukaingia majanini. Nilijilaza ubavu, mtoto wangu wa mgongoni nikamweka kwenye ziwa kabla hajaamka vizuri, mama mkwe nyuma yangu, mbwa amejibana karibu na kifua changu. Tukasikia miguu. Wengine walivaa buti, wengine walikuwa peku, na kulikuwa na watu wanaohema kwa kulemewa na mizigo. Moyo ulidunda hivi kwamba niliogopa utamwamsha mtoto.

Kisha mbwa akaanza kutikisa mkia. Huyu mbwa hamtikisii mkia mtu. Hata mimi niliyempa ugali kila siku alinitazama tu. Sasa mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, anaguna kooni, anataka kutoka. Jani likateleza. Kengele ikagonga mara moja: ko.

Miguu ikasimama.

"Munasikia?" mwanaume mmoja akauliza. "Iko kitu mu majani pale."

Niliingiza vidole ndani ya kengele nikavishika vijiti vyake vya kugonga. Mbwa akanilamba mkono mpaka kiwiko na sikujali. Chuma kikagonga chuma huko njiani. Nilimkandamiza mtoto kwenye ziwa nikawaza, akilia tumekufa wote, na nikimkandamiza zaidi nitamuua mwenyewe. Niliogopa mkono wangu kuliko bunduki yao.

"Ni ule ndege wa kugonga miti," sauti nyingine ikasema. "Twende, mvua iko inakuja."

Sauti hiyo ndiyo iliyoniposa. Ilikuwa ya chini, imechoka, lakini ningeijua hata sokoni Kasongo siku ya watu wengi. Kucha za mama mkwe ziliingia mguuni mwangu. Na yeye alijua, mume wangu. Kengele ile aliijua kuliko sisi, alijua nani amelala majanini na mbwa wake, na pengine alijua kwamba mtoto yupo. Hakuwahi kumwona. Maneno yote yalinijaa mdomoni na nikauma kitenge. Nilikuwa na uwezo wa kuyapanua majani kwa kidole tu nimwone, nijue amebeba mzigo au amebeba bunduki. Nilifumba macho. Hilo nalo niliogopa.

Miguu ikaondoka. Tulikaa chini muda mrefu, mvua ikaanza kutudondokea, mbwa bado nimemshika shingo.

Mama wa mapacha ndiye aliyeinuka kwanza. Alijifuta matope, akatutazama mmoja mmoja.

"Ule wa ndege, mulimujua sauti?" akauliza.

Nilimfunika mtoto kichwa kwa kitenge. Macho yake yalikuwa kwa mama mkwe, na wanawake wengine wakageuka pia.

"Nitamujua wapi?" mama mkwe akasema. "Ni mutu wa mbali." Akajitwika kapu lake, akatangulia njiani na magoti yake mabovu, mbele ya mbwa.

Tulifika kijijini tumelowa. Nyumbani mama mkwe alifunga mlango, akanimiminia maji ninawe mikono, kisha akakaa kwenye kigoda bila kuwasha moto. Mtoto alikuwa amelala. Nilingoja aniulize kama nilimwona, alikuwa na nini begani. Niliogopa swali hilo, maana angejua kwamba nilifumba macho. Hakuuliza.

"Sauti yake imekonda," akaniambia. "Mutoto wangu haiko anakula."