Mgongo wa Quirin Kwenye Ngazi

Kiangazi cha mwaka sabini na nne watu wa filamu walikuja na malori mawili kutoka Munich, wakaomba kupiga picha kwenye nyumba ya Quirin Angerer, kwa sababu ya roshani yake ya mbao. Zilikuwa zile filamu za kuchekesha ambazo wanawake hawakai na nguo dakika tano, na mkulima wa Bavaria ni juha siku zote. Padri alizikemea kila Jumapili. Kila Jumamosi ukumbi wa sinema mjini ulijaa pomoni, na waliojazana humo tunawajua.

Siku hiyo kijana wa kwenye filamu alitakiwa apande ngazi hadi dirishani kwa mpenzi wake, kama vijana wa milimani walivyofanya usiku kwa siri tangu zamani. Mwigizaji mwenyewe, mtoto wa Berlin, alifika kipandio cha nne akaanza kutetemeka. Jamani, aibu!

"Mzee, wewe utaweza?" mwongozaji akamuuliza Quirin. "Tunapiga picha ya mgongo tu, uso hauonekani."

Quirin akafunga magunia kwenye ncha za ngazi zisigonge ukuta. Akavua viatu, akapanda akikanyaga pembeni, pale ambapo ubao haulii. Kipandio cha mwisho akakiruka, akagonga kioo kwa ukucha, mara moja. Hakuna aliyemwelekeza. Wakampa kreti ya bia, naye akafunga mdomo, maana mkewe Burgi alikuwa kwa dada yake wiki ile, na Quirin aliomba Mungu mkewe asijue kamwe. Miaka ishirini na sita ya ndoa, amuaibishe kwa upuuzi kama huo?

Vuli ilipofika, Burgi alikuwa jikoni adhuhuri moja akiviringisha matonge ya viazi.

"Baba Resi," akasema bila kugeuka, "nimekuona sinema."

Quirin akaruka kitini. "Wewe? Umeenda kutazama uchafu ule?"

"Nimeenda na dada. Nusu ya akina mama wa kanisa walikuwemo, wamejitanda vitambaa mpaka puani. Usinibadilishie maneno."

"Umenijuaje? Uso hauonekani!"

"Mgongo ninaoufulia mashati kila wiki nisiujue?"

Akaanza kujitetea: ule ulikuwa mchezo tu, yule msichana wa dirishani hakumgusa hata kidole, tena alikuwa anapiga chafya muda wote.

"Nani kakuuliza habari za yule msichana? Yeye ni kazi yake, maskini. Mimi nakuuliza magunia. Nakuuliza kukanyaga pembeni. Uliniapia hujawahi kupanda dirisha la mtu."

Angeweza kudanganya tena. Alimtazama mkewe mgongoni, akachoka.

"Afra," akasema. "Yule binti wa kwenye kinu cha kusaga nafaka. Kabla yako, mama. Kabla yako kabisa."

Burgi akatumbukiza tonge kwenye maji yanayochemka, kisha jingine.

"Kwangu ulikuja mchana, na baba yako, mkapita mlangoni. Mkazungumza ng'ombe."

"Wewe nilikuja kwako kwa heshima."

"Heshima!" Akageuka, macho mekundu, mikono imejaa unga. "Viangazi viwili vya uchumba, Quirin. Viangazi viwili nililala dirisha wazi, mbu wakanimaliza. Nikawa najifariji: maskini, hajui kupanda."