Wavu wa Mbu Kwenye Barafu

Mimi ni mtu wa Kamunyonge, pale Musoma kando ya ziwa, na mtu aliyekulia Kamunyonge hawezi kuona tundu ukutani akaliacha. Sami wakija kutoka ziwani, vile vijidudu vinavyoruka kama moshi, unafunga dirisha, unaziba chini ya mlango kwa kitambaa, na bado utavikuta kwenye chai. Mbu ndio usiseme. Kwa hiyo nilipokuwa mchoraji wa majengo, kila tundu nililochora nilikuwa naliwekeaga wavu. Mkono ulichora wenyewe, kichwa kikiwa kwingine. Nalisema hili mapema, lakini sijitetei. Sina cha kujitetea.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi iliyonivimbisha kichwa: kuchora kibanda cha kulala wapanda mlima, kule juu kabisa ambako miti imeshaisha na maji yanaganda. Wenye mradi walitaka kibanda kisichoumiza mlima. Hakuna saruji, hakuna kuchimba msingi. Kinakaa juu ya mawe, kinapandishwa vipande vipande mgongoni mwa watu, na siku kikichoka kinafunguliwa na kushushwa bila kuacha alama. Kuta nikazijaza mafunjo makavu yaliyoshindiliwa, tuliyokatiwa na akina mama wa Bukima. Yalizuia baridi vizuri sana, hilo silikani. Na kwa kuwa chumba kilichozibwa hivyo kinahitaji pumzi, nikaacha matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu. Nikayawekea wavu wa mbu, ule wa vitundu vidogo kabisa.

Cha kwanza tulikijenga Butiama, nyuma ya nyumba ya mama, kwa majaribio. Mama alikizunguka, akazisifu kuta, akachungulia lile tundu la chini.

"Baba," akaniuliza, "huko kwenye barafu kuna mbu?"

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikaona nimedhalilishwa mbele ya watu wangu wa kazi. Nikamjibu mama yangu kwa ukali kwamba ndivyo tunavyochoraga, na mambo ya kitaalamu awaachie wataalamu. Akaenda kutuletea uji. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, na ndiyo ndogo.

Kibanda kikapanda mlima. Wenye mradi walitaka mtu wa kukitunza na kuwapikia wapagazi, nami nikawapendekezea mpishi mmoja wa Bunda aliyekuwa amezoea milima miaka mingi. Mtu mpole, anaongea taratibu, na kazi ile aliipenda jamani. Kila akishuka alikuwa ananipigiaga simu kuniambia wageni wamelisifu jengo. Aliponiuliza kama anaweza kupikia ndani siku za upepo mbaya, nilimwambia kwa mdomo wangu huu kwamba jiko moja dogo halina shida, matundu yanatosha.

Msimu wa mvua wapagazi watano wakafika wamelowa chapachapa, wakalala humo. Alfajiri mpishi akawasha jiko la mafuta ya taa awachemshie chai, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Kabla chai haijachemka wawili wakaanguka kwa hewa chafu ya jiko. Mpishi akawaburuta nje mmoja mmoja, kisha naye akaanguka pale mlangoni. Mungu ni mkubwa, walipona wote.

Nikatumwa kukagua. Nililala kibandani mimi na mwongozaji aliyenipandisha, na asubuhi nilipofungua macho sikuhitaji kipimo chochote. Pumzi zetu zilikuwa zimeganda kwenye wavu. Matundu yote mawili yalikuwa meupe, yameziba ti. Na mbu hakuna, hata nzi hakuna. Nilibaki nimekaa kwenye kitanda, nikiisikia sauti ya mama yangu masikioni.

Mwongozaji alipotoka kufunga mizigo, nikachukua koleo, nikazikata zile nyavu, nikazitia mfukoni. Nilishuka nazo mpaka Musoma. Ofisini nikaandika ripoti kwamba jengo halina kasoro, ila mpishi aliwasha jiko ndani huku amefunga mlango. Uongo haukuwepo hata neno moja, na ripoti yote ilikuwa uongo. Wenye mradi wakamwondoa, na kampuni nyingine za mlimani ziliposikia hazikumtaka tena.

Mama ndiye aliyenisukuma nikamwone. Alisema mtu wa kazi yako akiumia huwezi kukaa kimya kama vile humjui. Nikanunua sukari na mchele, nikaenda Bunda. Njia nzima niliyapanga maneno: nitamwambia habari ya wavu, halafu nitawaandikia wenye mradi wamrudishe. Niliapa kabisa. Barua ile moja tu ingemrudishia mlima wake.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, anachambua maharage. Mkewe akanitolea kiti. Mpishi alisema kichwa bado kinamuuma na siku hizi anasahausahau. Nikajikohoza nianze. Yeye akaweka ungo chini, akasimama, akaniwahi.

"Mkubwa, nilikuwa sina uso wa kukupigia simu. Uliniambia jiko moja dogo. Labda nililiwasha sana, sikumbuki vizuri. Wewe ndiye uliyenitafutia kazi, na mimi nimeliharibia jengo lako jina. Naomba unisamehe."

Mkewe alikuwa ameinamisha macho. Wote wawili walikuwa wananisubiri mimi. Maneno niliyotoka nayo Musoma yalikuwepo, sikuyasahau hata moja.

Nikamshika bega.

"Yameisha," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishukuru kwa mikono miwili, na mkewe akaingia ndani kunipikia chakula. Nilikaa, nikala.