Bei ya Siku Tuliyonunua

Jumamosi, tarehe nne Oktoba, nilikuwa jikoni kwangu Riruta Satellite nikikatakata sukuma wiki kwa ajili ya chakula cha chama, niliposikia sauti kutoka sebuleni ikiuliza, polepole na kwa adabu kubwa, "Kwa hivyo hiyo nusu ingine ilienda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonitoa jikoni, kisu kikiwa bado mkononi.

Chama chetu ni cha wanawake wa kanisa moja. Wengi wetu asili yetu ni Machakos na Kitui. Wachache ni wazaliwa wa Kawangware, wenye ploti na nyumba za kupangisha. Miaka kadhaa iliyopita tulikataa desturi ya kuzungushiana michango kila mwezi, tukaamua kununua hisa za kampuni moja na kuziacha zikae. Aliyetumwa mjini kwa wakala wa hisa ni mweka hazina wetu, fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa Kianda, mwanamke aliyepita miaka sitini ambaye hata wasio Wakamba humwita mwaitu, yaani mama. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza swali.

Aliyeuliza sasa ni mmoja wa wenye ploti. Si mtu mbaya, na naomba asichukuliwe hivyo. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kutafuta bei za zamani za hisa kwenye simu, akazichapisha, akamgawia kila mmoja nakala. Nilichukua yangu. Kila mstari ulikuwa siku moja ya soko: bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa, bei ya kufungia, na idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Mstari wa siku tuliyonunua aliupaka rangi ya manjano. Bei ya kufungia ilikuwa ishirini na kitu. Mweka hazina alikuwa ametuambia tumenunua kwa arobaini na kitu.

"Ata ile ya juu kabisa haifiki ishirini na tano," akasema mwenye ploti. "Nimeangalia wiki mzima. Nikaangalia mwezi mzima. Hakuna mahali imegusa forty."

Mweka hazina alifungua mkoba, akatoa risiti ya wakala, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Hii hapa. Arobaini. Na iko na muhuri."

"Mwaitu, muhuri ni nini?" akauliza mwenye ploti. "Nipe lunch hour moja pale town, nikuletee muhuri ya serikali mzima."

Watu wakacheka. Mwingine, aliyezoea kumtania, akaongeza, "Si ungesema tu unataka ya nauli? Hatungekunyima, mama."

Nilidhani mweka hazina angefoka. Ana ulimi, na akitaka huutumia. Badala yake aliinua ile risiti, akaisogeza karibu na macho, akaanza kuisoma tangu juu, kana kwamba yeye pia ameanza kuishuku. Nimemfahamu kwa miaka mingi na sikuwahi kumwona akitilia shaka jambo alilolifanya kwa mikono yake. Kisha akaweka ufunguo wa sanduku la chama mezani, akajifunga leso, akatoka. Chakula kilikuwa bado jikoni.

Mimi ni mwalimu wa historia. Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia wanafunzi kwamba maandishi ya siku ile ile, yaliyoandikwa na aliyekuwepo, hupewa uzito zaidi kuliko yanayoandikwa baadaye. Siku hiyo mezani kwangu kulikuwa na maandishi mawili juu ya siku moja, na yote mawili yalijitangaza kuwa ya siku ile ile. Hayangeweza kuwa kweli yote. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kanisani, ambako mweka hazina hakuonekana.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, nilikaa kwenye chumba cha walimu nikafungua bei zile kwenye simu yangu. Sikufanya hivyo kwa nia ya kumtetea. Nilitaka kujua, hata kama ningejua lisilonipendeza. Nilipitisha kidole kutoka siku tuliyonunua kuja mbele, mwezi baada ya mwezi, na nilipofika katikati nikakumbuka Jumapili ya shukrani.

Mwaka ule kampuni ilikuwa imewapa wenye hisa bonasi: kwa kila hisa moja, hisa nyingine ya bure. Hisa zetu zikawa mara mbili. Tuliamini tumebarikiwa mara mbili, na kwa kuwa mtu mwenye heshima zake hapokei baraka akanyamaza, tulichanga kutoka mifukoni mwetu fungu la kumi la zile hisa za bure, tukalipeleka madhabahuni tukiimba. Muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe ulipikwa siku hiyo, sufuria zikakombwa.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka kwa namna nyingine. Kampuni haikuwa imekua kwa usiku mmoja. Ni ile ile, imegawanywa vipande vingi zaidi. Basi siku hisa zilipokuwa mara mbili, bei ya kila moja ilipaswa kushuka hadi karibu nusu. Nilitafuta huo mporomoko kwenye simu. Haukuwepo. Bei zilipita siku ile zikiwa zimetulia kabisa, kama barabara ambayo haijawahi kuchimbwa. Nikashuka hadi mwisho wa ukurasa, na huko, kwa herufi ndogo ambazo nakala zetu hazikuwa nazo, paliandikwa kwamba bei zote zimerekebishwa kwa ajili ya bonasi na migawanyo ya hisa.

Nilimpigia simu karani katika ofisi ya wakala. Alinisikiliza, akapiga mwayo.

"Hiyo ni kawaida, madam. Bonasi ikitoka, zile bei zote za nyuma zinagawanywa kwa mbili. Tusipofanya hivyo, utaangalia mchoro uone kampuni imeanguka siku moja, na hakuna kitu ilianguka."

"Kwa hivyo siku tuliyonunua, watu walilipa ngapi?"

"Arobaini na kitu. Ile iko kwa risiti. Hiyo ya simu ni ya kulinganisha tu, ujue hisa imepanda ama imeshuka. Ukitaka kujua ulilipa ngapi, tafuta ile bei haijaguswa."

"Na anayezigusa ni nani?"

"Kompyuta tu, madam. Kwani kuna shida?"

Nilimshukuru, nikakata simu. Bei ambayo watu waliitoa mchana kweupe, ikagongwa muhuri, ilikuwa imebadilishwa miaka mingi baadaye bila mtu kukusudia ubaya wowote. Na bado, katika vinywa vya watu wanaosali pamoja, ilikuwa imemfanya mwanamke mwizi.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu kwa chapati. Nilikata moja katikati. "Jana mlikuwa na chapati moja ya shilingi arobaini. Leo mna vipande viwili vya ishirini. Sasa huyu mwandishi wa bei za simu anarudi kwenye jana na kuandika kwamba hata jana mlinunua kipande cha ishirini. Hajadanganya. Anahesabu vipande vya leo."

Ilichukua muda. Kisha yule mwenye utani akashika kichwa. "Ngoja, mwalimu. Kama hatukuongezewa kitu, fungu la kumi tulitolea nini?"

"Hewa," akajibiwa.

"Uulize pastor kama anarudisha change!"

Vicheko vikajaa nyumba, na katikati ya vicheko hivyo nikamwona mwenye ploti hacheki. "Mimi sikudanganya mtu," akasema. "Nilisoma kile kiliandikwa. Mwambieni arudi."

"Mwambie wewe," nikamjibu.

"Mimi? Niende Kianda watu waone?"

Nilikwenda mimi. Nilidhani nabeba habari njema. Nilimkuta mweka hazina kwenye cherehani, na kando yake rafu ambayo kwa kawaida haionekani kwa vitambaa. Siku hiyo niliona mbao.

"Wateja wamechukua vitambaa vyao," akasema kabla sijauliza. "Havijakatwa. Mmoja alisema anasafiri. Mwingine hakusema kitu, alinyoosha tu mkono." Habari ilikuwa imetoka Satellite hadi Kianda kwa siku chache, ikapita kibanda kwa kibanda, na ilipomfikia ilikuwa imenona: sasa alikuwa amekula chama kizima.

Nilimweleza kila kitu, bonasi, nusu, herufi ndogo. Alisikiliza akiendelea kukanyaga.

"Kwa hivyo risiti ni ya ukweli," akasema.

"Ni ya kweli, mwaitu. Rudi tu. Wote wanajua."

"Wote ni akina nani? Wale wamekaa kwako wakila chapati?" Akakata uzi kwa meno. "Mwalimu, si simu iliniita mwizi. Simu iliwapa tu ruhusa. Mimi nikirudi huko kwenu nikae, huyu mama wa vitenge wa kibanda jirani atajuaje?"

Nilikuwa nimekuja na hesabu iliyokamilika, nikishangaa kwa nini haikutosha. Niliporudi nyumbani ndipo mshtuko wa kweli uliponifika. Tulimhukumu kwa sauti iliyofika mpaka mtaani, tukamsafisha sebuleni, tukafunga mlango.

Wiki tatu zilipita. Ufunguo ulikaa mezani bila mtu wa kuupokea. Siku niliyopita tena Kianda na kuiona ile rafu bado tupu, niliandika barua hii, nikampelekea kila mwanachama:

"Dada zangu,

Sote tumeelewa sasa kwamba mweka hazina wetu alinunua kwa bei ya haki na kuleta risiti ya kweli. Tumeelewa tukiwa peke yetu. Walioambiwa kwamba ni mwizi hawajaambiwa lolote jingine, na wameacha kumpa kazi.

Kwa hiyo mkutano ujao hautakuwa kwangu. Utakuwa Kianda, mbele ya kibanda chake, Jumamosi saa sita mchana, wakati watu wanapita. Aliyetusomea bei zile atazisoma tena kwa sauti ile ile, na mara hii atasoma pia maandishi yaliyo chini yake. Kila aliyemweleza mtu habari ile aje na mtu huyo. Kitambaa cha sare yetu ya mwaka huu nimeshakinunua, na mweka hazina ndiye atakayekikata.

Nilimuuliza kama anaturuhusu. Alisema hatafunga kazi kwa sababu yetu, lakini hatatufukuza.

Njooni na viti vyenu."