Kihamba cha Ghorofa ya Nane

Watu wa mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, wakikuelekeza kwa Sia hawakutajii namba ya nyumba. Wanakuambia upite ofisi za mizigo, uingie uchochoro wa wauza nyama ya kondoo, kisha uinue kichwa. Ukiona migomba juu ya paa, umefika. Na kweli iko huko, ghorofa ya nane, kati ya matangi ya maji na mashuka yaliyoanikwa, inapepea bila wasiwasi.

Sia ni Mchagga wa Kibosho. Alikuja Guangzhou kwa skolashipu, akasomea mambo ya usafirishaji, akamaliza, akabaki. Mchana anawatembeza wanunuzi wa Dar na Arusha kwenye majumba ya nguo ya Guangyuan Xilu, anawasemea Kichina, anabishana na malaoban, yaani wenye maduka, halafu anafuatilia marobota hadi yapakiwe melini kule Nansha. Kazi hiyo anaiweza na haimuumizi kichwa. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hatakuambia habari za makontena. Atakuambia ni mkulima.

Usicheke. Wengi walicheka, na leo ndio wanaopanda ngazi kwenda kuomba majani ya maboga. Udongo wa shamba lile Sia aliupandisha mwenyewe, mfuko kwa mfuko, kwa sababu nyumba haina lifti. Haba na haba hujaza kibaba. Maganda ya viazi kutoka mikahawa ya jirani, majani makavu ya bustani za mji, samadi ya kuku aliyoifunga mara tatu ili majirani wa ngazini wasimlaani. Alipasua mapipa ya plastiki akapanda migomba, chini ya migomba akaweka magimbi, chini ya magimbi mnavu, na maboga akayaachia ukuta yatambae yatakavyo. Ndivyo kilivyo kihamba, shamba la ukoo la kwao, kila mmea unamwekea mwenzake kivuli.

Mwalimu wake alikuwa bibi yake, mzaa baba. Bibi huyo Jumapili alikwenda kanisani kama watu wote, na siku sita zilizobaki alikuwa na mambo yake na ardhi. Sia alipokua aliiacha Jumapili akabaki na zile siku sita. Hakati mkungu kabla hajausalimia mgomba. Hashiki jembe akiwa na hasira, maana mwenye hasira hupanda hasira. Asubuhi husimama akielekea upande jua linakozama, juu ya mabango ya Guangyuan Xilu, kwa kuwa huko mbali kabisa ndiko uliko mlima Kibo, akanyunyiza maji na kumtaja Ruwa, Mungu wa kwao, na waliolala. Akipika mbege, pombe yao ya ndizi, kata ya kwanza si ya mtu aliye hai. Anaimwaga udongoni taratibu, anangoja inywewe, ndipo naye anakunywa. Haya yote huyafanya mchana kweupe, bila kumficha mtu.

Na masale anayo. Siku alipoyaona kwenye soko la maua la hapa hapa mjini, nusura alie mbele ya watu. Mmea ule ule wa mpakani kwao, wa makaburini, wa kuombea msamaha, umesimamishwa kwenye chungu cha kauri na kufungwa utepe mwekundu, unauzwa kuleta bahati dukani. Alinunua mashina aliyoweza kubeba, akazungushia shamba lake lote.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Alipompigia baba yake simu ya picha na kumzungusha shambani, Mzee Elisante alitazama hadi mwisho, akasifia magimbi, kisha akasema:

"Umefanya kazi, mama. Lakini hicho si kihamba. Hiyo ni bustani. Kihamba kina wenyewe chini."

Alisema kweli. Kwao wafu huzikwa migombani, na mtu akipalilia anajua anampalilia nani. Chini ya migomba ya Sia kulikuwa na zege, na chini ya zege kulikuwa na mpangaji mwenye televisheni ya kelele. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa usikie kosa lake, kosa ambalo angelifanya mtu wa kwetu tu.

Paa lile alipewa na mwenye nyumba, kijana Mkantoni anayejiita Alvin anapozungumza na wageni. "Panda unachotaka," alimwambia, "juu hakuna kitu." Sia akapanda. Siku moja akisafisha pembe ya mbali, nyuma ya tangi, alikuta mawe matatu. Yalikuwa makubwa kiasi cha kichwa cha mtoto, meusi kwa moshi, yamekaa kwa kutazamana, na katikati yake majivu ya zamani.

Wewe ungeona nini? Sia aliona mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu, na haya yalikuwa matatu kamili, yamezoea moto. Aliwashukuru waliolala kwa kumkumbuka ugenini. Aliyabeba hadi chini ya mgomba mkubwa, akayakaza udongoni, akainjika sufuria la ndizi za mbege. Alipika hapo mbege nyingi, na haikupata kuharibika hata mara moja.

Mwenye mawe alirudi mvua zilipokwisha. Alikuwa Bibi Leung, mama yake Alvin, aliyekuwa Foshan kwa binti yake tangu avunjike nyonga, kabla Sia hajahamia. Alipanda ngazi akiwa na mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili machungwa na vijiti vya ubani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya tangi. Akarudi. Akatazama huku na huku, ndipo akaona sufuria likitokota.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale kwenye zege, akaweka machungwa mapajani.

Alvin ndiye aliyeeleza, kwa Kimandarini, huku uso umemwiva. Nyumba hizi zote zilikuwa mashamba. Kijiji kililima mboga hapa kizazi hadi kizazi, mji ukaja ukakimeza. Siku tingatinga lilipoingia shambani kwao, mama yake aliokota mawe matatu palipokuwa na madhabahu ya mungu wa ardhi, ambapo baba mkwe wake na baba wa baba mkwe walichoma ubani kabla ya kupanda. Akayapandisha hapa juu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Karatasi nyekundu alizoyavisha zilioshwa na mvua. Moshi ule ulikuwa wa sala.

"Mimi nilisahau," alisema Alvin. "Nilikuambia hakuna kitu." Kisha, kama watu wengi wanaojionea haya, akawa mkali. "Toa yote. Udongo, miti, kila kitu. Jumapili nataka paa liwe tupu."

Sia alizima moto chini ya sufuria. Yeye anayesalimia mgomba kabla ya kuukata alikuwa ameinjika sufuria juu ya mungu wa mtu. Alishuka chumbani akaona aibu, aibu kubwa, na nyuma ya aibu uchungu wa migomba yake, maana mgomba mkubwa ulikuwa ndio kwanza umetoa ua.

Kesho yake aliutafuta ushauri wa bibi yake kichwani, akaupata. Mchagga aliyekosa hapeleki maneno. Anapeleka isale. Analifunga jani fundo lingali kwenye kishina chake, na halipeleki mwenyewe. Hulipeleka mtu mzima asiye na kosa. Anayepelekewa isale hawezi kukataa. Ila hiyo ni kwa Wachagga, na Sia alilijua hilo. Ni nani amemwambia bibi wa Kikantoni kwamba hawezi kukataa?

Mtu mzima aliyekuwa karibu ni Mama Françoise wa ghorofa ya tano, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Lubumbashi, aliyekaa mjini hapa miaka mingi hata Kikantoni cha sokoni akakijua. Tatizo lake lilikuwa moja: ni mtu wa kanisa, na paa la Sia hulitazama kwa jicho la pembeni.

"Mie niko mukristu, Sia," alisema akiliangalia jani lenye fundo bila kuligusa. "Ile kitu si ni fétiche, mambo ya waganga?"

"Ni jani, Mama. Linasema nimekosa, nisamehe."

"Basi tu ile?"

"Basi hilo tu."

Mama Françoise alifikiri. "Kuomba pardon si zambi," alisema mwishowe. "Lete. Lakini nitasali mbele ya kupanda ngazi."

Akasali, akapanda hadi mlango wa Bibi Leung. Sia alibaki chini akisikia mlango ukifunguliwa, maneno machache, mlango ukifungwa. Mama Françoise akarudi mikono mitupu.

"Amelishika. Alitazama lile fundo sana. Aliniuliza nani alilifunga, mie nikasema ni mwenye makosa. Basi. Hakusema kitu tena."

Siku zilizofuata hazikuleta neno. Sia aliwapeleka wanunuzi Guangyuan Xilu, akasikia "meiyou" za wauzaji, hakuna hiki, hakuna kile, kama mtu aliye usingizini. Aliwasemea watu bei, akili ikiwa paani. Jamaa mmoja wa Arusha alimuuliza kama amefiwa. Alikaribia kusema ndiyo.

Jumapili asubuhi alichukua panga. Alijiambia kwamba kama ni kukata, atakata yeye, kwa salamu na kwa adabu, na asiukate mgomba mtu asiyejua jina lake. Alipanda ngazi polepole, akausukuma mlango wa paa.

Bibi Leung alikuwa amemtangulia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkongojo umeegemea pipa. Sufuria lilikuwa limeoshwa likafunikwa kando. Mawe yalikuwa yamesuguliwa masizi ya kupikia, lakini hayakurudishwa nyuma ya tangi. Yalikuwa pale pale Sia alipoyaweka, chini ya mgomba mkubwa, yamevishwa karatasi nyekundu mpya, machungwa mbele yake, ubani ukifuka. Na pembeni mwake, udongo ukiwa bado mbichi, lilikuwa limepandwa lile shina la isale. Fundo halijafunguliwa.

Sia aliweka panga chini.

Kimandarini cha bibi kilikuwa cha kuokoteza, na cha Sia kilikuwa cha chuo, lakini walielewana. Bibi aligonga zege kwa mkongojo, kisha akauchomeka mkongojo ule ule udongoni, ukazama.

"Kule nyuma yalikaa kwenye saruji," alisema. "Miaka yote hiyo. Mawe ya shamba, kwenye saruji. Mimi ndiye niliyeyaweka, sikuwa na udongo." Akauangalia mgomba kuanzia chini hadi kwenye ua. "Wewe umeyaweka shambani."

Sia alilia, na hakuona haya kulia.

Alvin alikuja baadaye na vijana wawili na magunia ya kubebea udongo. Mama yake hakumpa nafasi ya kufungua kinywa. Alimwambia kwa Kikantoni neno fupi, na Alvin akavua viatu kabla ya kukanyaga udongo. Wale vijana walirudishwa na chungwa moja moja. Halafu bibi aliuliza kile kinywaji kilichokuwa kikipikwa juu ya mawe ni cha nani, naye Sia akaeleza habari za kata ya kwanza. Bibi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa jambo alilolijua tangu utotoni.

"Basi lete," alisema. "Hao wangu hawajanywa siku nyingi."

Sia akaleta kibuyu. Alimwaga mbele ya mawe, taratibu, akawataja wa Kibosho kwa majina, kisha akamgeukia bibi, naye bibi akawataja wa kwake. Udongo ukanywa wote. Mama Françoise alisimama mlangoni akipiga ishara ya msalaba, lakini bakuli lake la mbege, lilipomfikia, hakulirudisha.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya mabango, Sia alimpigia baba yake. Hakumzungusha shambani safari hii. Aliielekeza simu kwenye mawe, kwenye isale, na kwa ajuza wa watu aliyekuwa akipalilia magimbi kwa kijiko cha jikoni.

"Baba," alisema, "kina wenyewe."

Mzee Elisante akavua kofia.

"Basi wasalimie," alisema. "Waambie binti yangu yupo kwao."