Yowe la Vidukari

Nilisomea wadudu chuo kikuu, lakini vita pekee niliyowahi kuishinda dhidi yao nilisaidiwa na mama yangu na tetea mmoja.

Mwaka ule mama alikuwa amebakiwa na bakuli moja tu la mbegu ya kunde, zile nyeusi alizoachiwa na bibi, ambazo sokoni hazionekani tena. Mvua za msimu uliotangulia zilikatika mapema, hakuvuna kitu. Alizipanda zote kwenye kishamba cha nyuma ya nyumba yetu, kijijini Mtinko. Nilipofika likizo zilikuwa zimeanza kutoa maua, na vikonyo vyake vimejaa vidukari weusi, wamesongamana kama masizi ya sufuria. Maganda yasingejaa, mbegu ile ingetutoka moja kwa moja.

Nilikuwa nimebeba dawa kutoka mjini.

"Majani haya tunayachuma mboga kila siku," mama alisema. "Rudisha chupa yako."

Ndipo nikakumbuka somo. Kidukari akibanwa hutoa tone dogo kwenye vijipembe vyake vya nyuma, na harufu ya tone hilo, ambayo pua ya mtu haiinusi, huwatangazia jirani zake hatari. Nao huchomoa midomo kwenye mmea na kujiangusha. Nilimweleza mama kwa kirefu. Akasikiliza kwa adabu. Asubuhi iliyofuata nilipita mstari kwa mstari nikiponda wawili watatu katika kila kikonyo, na kweli, wenzao wakadondoka. Nikajiona bingwa. Kufikia jioni walikuwa wameshapanda tena, karibu wote.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Msomi wangu! Umepiga yowe, watu wametoka mbio. Sasa nani alikuwa njiani kuwapokea?"

"Kumbe ulijua?"

"Hiyo harufu yako siijui. Najua ukimgusa mmoja, wengine wanaruka."

Kesho yake alimleta tetea mwenye vifaranga, akamfunga mguu kwa kamba na kuifunga kwenye kigingi alichokichomeka mwanzoni mwa mstari. Ndivyo kuku wa kwetu wanavyolelewa mazao yakiwa shambani: tetea hufungwa asichakure mashina, na wanawe hawaendi mbali naye.

"Haya, ponda."

Nikaponda. Vidukari wakamiminika, na kabla hawajaiona njia ya kurudi juu, vifaranga walikuwa wamewafikia. Tukahamisha kigingi hatua chache, nikaponda tena.

Jirani yetu alisimama mpakani, jembe begani. "Dada, mtoto umemsomesha chuo kikuu aje achunge vifaranga?"

"Nimemsomesha apige yowe," mama akajibu bila kuinua uso. "Kukamata ni kazi yangu."

Kwa siku kadhaa tuliurudia mzunguko huo kila asubuhi, nami nakiri kwamba sijapata kuifurahia elimu yangu kama nilivyoifurahia nikiwa nimechuchumaa pale, vidole vimenata, vifaranga wakinikanyaga miguu. Vikonyo vikarudia ukijani wake. Maganda yakajaa.

Siku ya kupukuchua, bakuli lilifurika, tukaleta la pili. Mama alikuwa akichanganya mbegu na majivu tayari kwa kuzihifadhi, jirani akabisha hodi na kikombe mkononi. Alitaka mbegu kidogo.

Mama alinielekezea kidevu. "Muombe mchunga vifaranga."

Nikamjazia kikombe hadi kikamwagika.